Kibao cha Swali la Saba

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na masikio yako bado yamegoma kama yalivyogoma tangu ile mashine ya randa ilipoyamaliza. Tafadhali usimtume tena jirani yako anipigie simu kwa niaba yako. Nusu ya maneno yako anayasahau, na nusu nyingine anayatia chumvi. Bora barua. Hata ukinigombeza, nasoma mwandiko wako mwenyewe.

Nina habari. Nimepata miwani! Si ya kusomea. Ni ile ya uhalisia pepe, kama kopo jeusi unalofunga usoni. Ukishaivaa huoni tena chumba ulichomo, unaona vitu vilivyotengenezwa na kompyuta. Ni jozi sita kuukuu kutoka chuo cha waendesha kreni. Walikuwa wanataka kuzitupa. Mikanda ya jozi tatu nimeishona mwenyewe, na likizo nzima nimekaa kuingiza michoro yangu humo ndani. Sasa msichana akiivaa, kile kibao cha mazoezi, kipande cha mti chenye mikato na tundu nilichokuwa nakichora ubaoni, kinasimama mbele yake, kikubwa kama kabati. Anakizunguka. Anachuchumaa anakitazama kwa chini. Jana mmoja aliingiza kichwa kwenye tundu lake, akapiga kelele kwa furaha.

Unajua kwa nini nahangaika. Mwaka wa sita huu nafundisha michoro ya ufundi katika shule hii, na hakuna msichana hata mmoja aliyefaulu mtihani wa mwisho. Asiyefaulu haendi chuo cha uhandisi. Mkuu wa shule anamhamishia darasa la ukarani kabla hajamuuliza anataka nini. Safari hii ninao kumi na mmoja. Mkuu ameniambia mbele ya walimu wote kwamba wasichana hawakuumbwa na jicho la kuona kitu kikigeuka. Nikamwambia tutaonana Mei.

Wako,
Patasi

16 Februari

Patasi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani yangu mimi, isiyo na kreni ndani.

Ulipokuwa na miaka saba nilikuwa nachonga kiazi kibichi, nakitia kwenye mfuko, unaingiza mkono bila kuchungulia na kuniambia kina pande ngapi na wapi kimekatwa. Ukikosea, unamenya viazi vya siku hiyo. Ulimenya karibu mwaka mzima. Halafu hukukosea tena. Umeme haukutumika hata kidogo.

Kitu unakijua kwa kukishika, mwanangu. Hicho chako hakina uzito, hakina harufu, hakimwachii mtu kibanzi kidoleni. Fundi ambaye hajawahi kuchomwa na kibanzi ni mpiga soga tu. Unawafundisha watoto wa watu kuzunguka hewa.

Lakini huyo Mkuu wako naye, kabla hajaongea habari za macho ya wasichana, mwulize ile ngazi anayopandia ofisini kwake vidato vyake vilipimwa na nani. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilishika msumeno tu. Mwambie, na akikasirika ashuke kwa dirisha.

Fundi Ngazi, ambaye pia ni baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Wazo lako la viazi nimelichukua. Kila Ijumaa mfuko unapita darasani, kwa hiyo usijivune sana. Tumekuweka wewe na kreni darasa moja.

Miwani nayo nimeanza kuwavua kidogo kidogo. Dakika kumi wanaivaa, dakika ishirini hawanayo, na nawaambia, haya, kizungukeni vilevile. Wanafumba macho. Wanainamisha vichwa, wanapindisha mabega, vidole vinatembea hewani, na mmoja wao hawezi kuona upande wa nyuma mpaka asimame ageuke. Mwalimu wa ukarani alichungulia dirishani, akaenda kusema wamepagawa. Yuko msichana tunamwita Kimya, kwa sababu tangu mwaka jana hajajibu swali hata moja. Jumanne aliinua mkono na kuniambia mchoro wangu umekosewa. Ulikuwa umekosewa kweli! Nilitamani kumbeba.

Kuna kanuni ndani ya kitabu cha somo hili, nchi nzima wanaikariri: kilicho nyuma ya kidato, chora kwa nukta. Kidato ni kama cha ngazi zako, na nukta maana yake kimefichika. Wanachora nukta hata pale ambapo kidato hakifichi kitu. Nimewaambia wangu waifute. Kwanza simama pale, tazama, halafu ndiyo uchore.

Patasi

9 Machi

Patasi,

Marahaba. Kanuni hiyo ni ya wavivu, umefanya vizuri. Kuhusu miwani bado sijabadili neno.

Mgongo unauma na gundi imepanda bei, lakini usinionee huruma. Nina kazi ya mteja mmoja msumbufu, kibao kidogo cha kutosha kiganjani. Nimeambiwa nisikiongelee, kwa hiyo sikiongelei. Nasema tu kwamba aliyekichora hajawahi kushika patasi. Ameweka kidato chini, upande wa kushoto. Juu ameupitisha mtaro mwembamba kutoka kulia mpaka kushoto. Halafu katika mchoro wa tatu anadai ukisimama kushoto mtaro huo huuoni, ameuweka nukta. Utafichwa na nini, na kidato kiko chini yake? Nikamwambia mjumbe wao. Akaniandikia kwenye karatasi, Mzee, wewe chonga. Basi nimechonga inavyowezekana, maana mti haukubali uongo.

Kula vizuri. Sauti yako siisikii, lakini mwandiko wako umekonda.

Fundi Ngazi

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Huyo mteja wako mlete darasani kwangu, Kimya atamfundisha bure.

Nina haraka. Mtihani ni tarehe 14 Mei na sitaandika tena mpaka uishe. Mkuu amepunguza vipindi vyangu viwili, akavipa ukarani. Sasa tunafanya kazi saa ya mapumziko, kwenye stoo ya madawati mabovu. Hakuna aliyekosa hata siku moja.

Patasi

30 Mei

Baba,

Matokeo ya wasichana wangu yamezuiwa. Wote kumi na mmoja. Wanasema wameibia.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Walipofika swali la saba, lile la kuchora umbo linavyoonekana ukisimama kushoto, walifanya nilivyowazoesha. Walifumba macho, wakainamisha vichwa, vidole vikatembea hewani. Watatu walisimama wakageuka. Katika miezi yote ile sikukumbuka kuwaambia kwamba kwenye chumba cha mtihani mtu hageuki. Kosa hilo ni langu, na linanichoma. Msimamizi akaandika kwamba walikuwa wanapeana ishara. Halafu karatasi zilipofika kwa wasahihishaji, wote kumi na mmoja wakakutwa na jibu moja la swali hilo, jibu ambalo ofisi inasema si sahihi. Shule nyingine zote wamechora nukta. Wangu peke yao wamechora mtaro wazi, kwa mstari mzito. Kwa hiyo, wanasema, wamepeana.

Miwani imefungiwa kwenye kabati la Mkuu. Ameniletea karatasi nitie saini kwamba wasichana wamekiri, ili awapokee ukarani “kwa huruma”. Akaniachia na kalamu. Nimemrudishia vyote viwili, karatasi ikiwa tupu. Kimya alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia Mkuu, “Mimi siwezi kukiri kitu nilichokiona kwa macho yangu.” Mkuu akamuuliza alikiona wapi. Akasema, “Kichwani.” Ofisi nzima ikacheka, Baba. Nililia, lakini nilisubiri nifike stoo.

Mwisho wa Julai matokeo yanafutwa moja kwa moja. Nishauri.

Patasi

6 Juni

Patasi,

Marahaba. Tia saini. Miezi inapita, watu wanasahau, wasichana watapata ukarani na wewe utabaki na kazi yako. Funika kombe mwanaharamu apite. Mara nyingine mtu mzima anainamisha kichwa.

Usiniulize zaidi.

Fundi Ngazi

12 Juni

Baba,

Nimeisoma barua yako nikadhani imeandikwa na jirani yako.

Wewe ndiye uliyemwambia diwani, mbele ya watu, kwamba ngazi aliyoitaka itamvunja mtu mguu, na ukakataa kuijenga. Ulinifundisha wewe kwamba kazi iliyopinda haitiwi rangi, inabomolewa. Leo unaniambia niinamishe kichwa? Kwa ajili ya nani? Mistari sita tu umeandika, na wewe ukiandika kuhusu msumari unajaza kurasa mbili.

Nikajua unaficha kitu. Nikatoa barua zako zote, nikazisoma moja moja. Ya tarehe 9 Machi niliimalizia nimesimama. Kidato chini kushoto. Mtaro juu, kutoka kulia mpaka kushoto. Mchoro wa tatu umewekwa nukta. Nikaitoa karatasi ya mtihani, nikaiweka kando yake.

Baba, mteja wako ni nani?

Patasi

19 Juni

Mwanangu,

Ni Ofisi ya Mitihani. Mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila swali la umbo lina kibao chake cha mti kinachofungiwa ndani ya sanduku na kupigwa lakiri, ili wasahihishaji wakibishana sanduku lifunguliwe na kibao kiwekwe mezani. Tangu nianze hawajawahi kufungua hata moja. Nilikula kiapo. Marehemu mama yako aliondoka akidhani natengeneza vifaa vya watoto kuchezea, na hilo sitajisamehe.

Sikujua kama kibao kile kitafika kwako. Michoro wanaleta mingi, mingine wanatumia, mingine wanatupa. Lakini ulipoandika kuhusu swali la saba nilikijua hapohapo, kwa mtaro wake. Nikakaa chini kwenye unga wa mbao na sikuinuka upesi. Wasichana wako wamesema kweli. Mtaro unaonekana. Niliukata kwa mkono huu.

Sasa tazama tulipo. Mchongaji ni baba, mwalimu ni binti. Nikifungua mdomo, watasema nilikuvujishia wewe ukawavujishia wao. Na ile barua ya Machi, kwa ajili ya kunung'unika tu kama mzee, nilivunja kiapo changu kwa mwandiko wangu. Wewe nawe ukajibu kwamba Kimya atamfundisha mteja. Watayasoma hayo wakicheka? Ndiyo maana nilikuambia utie saini. Nilikuogopea wewe, lakini nilijiogopea mimi pia. Sikutaka kuitwa mwizi uzeeni. Naona aibu kuandika hivi.

Iko njia moja. Mchongaji akiwa na shaka na kazi yake, anaweza kudai sanduku lifunguliwe mbele yake au mbele ya mashahidi. Ofisi haiwezi kukataa, imeandikwa katika kiapo chenyewe. Nitadai. Heri lawama kuliko fedheha. Lakini kwanza ichome barua ya tarehe 9 Machi. Na jibu lako la tarehe 20 lichome pia. Bila hizo watakuwa na maneno tu.

Baba

25 Juni

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Mitihani,

YAH: MATOKEO YA WASICHANA KUMI NA MMOJA, SWALI LA SABA

Mimi ndiye mwalimu wao wa michoro ya ufundi. Aliyechonga kibao cha swali la saba ni baba yangu mzazi. Sikulijua hilo mpaka barua yake ya tarehe 19 mwezi huu. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine.

Dai lake la kufungua sanduku mtalipokea pamoja na barua hii. Naambatisha barua zote tulizoandikiana tangu tarehe 4 Februari. Sijafuta neno. Humo mtakuta Mkuu wangu wa shule anaambiwa ashuke kwa dirisha, miwani yangu inachekwa, na ofisi yenu inaitwa mteja msumbufu. Mtakuta barua ya tarehe 9 Machi, na jibu langu la kipuuzi. Mtakuta pia baba yangu akiniomba nizichome. Mkitaka, uiteni uvujaji. Mimi naona kwamba miezi miwili kabla ya mtihani fundi wenu aliwaambia mchoro umekosewa, nanyi mkamjibu achonge.

Wasichana hawa hawakupeana ishara. Ndivyo wanavyofikiri. Niliwazoesha kulizunguka umbo kwa miwani, kisha kulizunguka bila miwani, na mwili ukazoea kusaidia kichwa. Kama kufikiri kwa shingo na mabega ni kosa, basi mkosaji ni mimi.

Fungueni sanduku. Wekeni kibao mezani, msimame kushoto. Kama mtaro hauonekani, nifukuzeni kazi. Kama unaonekana, wapeni wasichana chao. Na mkidhani walipewa jibu, wawekeeni kitu kingine chochote ambacho baba yangu hajakigusa, mtazame wanavyofanya.

Mwalimu wa Michoro

(Pembeni ya nakala, kwa mkono:) Baba, sikuzichoma. Najua uliniomba. Lakini tukichoma barua mbili ili ukweli uonekane safi, basi nasi tutakuwa tumechora nukta. Liwalo na liwe. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa kurasa mbili.

17 Julai

Babu Fundi,

Shikamoo. Mimi ndiye Kimya. Mwalimu amesema masikio yako hayasikii simu, na amesema niandike mimi kwa sababu yeye akiandika atajaza machozi. Usimwambie nimekuambia.

Tuliitwa Ofisi ya Mitihani, wote kumi na mmoja pamoja na Mwalimu. Tulikaa kwenye benchi. Mkuu wetu alikuwepo na tai mpya. Waliweka sanduku mezani, wakavunja lakiri, wakatoa kibao. Babu, ni kidogo! Nilikuwa nimekizoea kikubwa kama kabati. Afisa alikishika akakitazama upande wa kushoto. Akakigeuza. Akakitazama tena. Nilihesabu, alikigeuza mara sita, halafu akavua miwani yake akaifuta. Sisi tulikuwa tumekaa tu. Hakuna aliyehitaji kukigusa.

Mkuu akasema hata hivyo inawezekana tuliambiwa. Ndipo yule afisa akachukua kitasa kibovu cha mlango kilichokuwa juu ya kabati, akatuonyesha mbele na juu yake, akakifunika kwa gazeti. Akasema tuchore nyuma. Mwalimu alitutazama, nikajua anaogopa tutaona haya. Nikasimama wa kwanza. Nikafumba macho nikageuka. Wenzangu nao wakasimama. Tulikuwa tunageuka mbele ya ofisi nzima na safari hii hakuna aliyecheka. Tisa walipata. Wawili walikosea tundu la ufunguo, lakini kila mmoja kwa namna yake, na afisa akasema wezi huwa wanakosea pamoja.

Matokeo yametoka jana. Tisa tumefaulu mtihani, nami nimo, naenda chuo cha uhandisi. Wawili hawakufikia, kwa maswali mengine. Mkuu aliwapa fomu za ukarani, wakamrudishia, wanarudia mwaka. Miwani imetoka kabatini. Mwalimu amepewa barua ya onyo kwa sababu ya undugu wenu na zile barua. Alisema asante sana, kama mtu aliyepewa zawadi, na Mkuu akanuna.

Jambo moja, Babu. Barua zenu walizisoma kwa sauti pale ofisini. Walipofika ile ya ngazi, kila mtu alimgeukia Mkuu, kisha akageukia dirisha.

Mjukuu wako, kama ukikubali,
Kimya

25 Julai

Patasi,

Marahaba. Nilikukasirikia kurasa mbili, nikazichana. Hasira iliisha ukurasa wa pili na nikaona ni hasara ya wino.

Wamenifuta kwenye orodha yao. Barua ina mistari mitatu. Wamesema nimevunja kiapo, na nimekivunja kweli, sibishi. Miaka kumi na mbili nilijivunia kunyamaza. Uongo ukaingia ndani ya kazi yangu mwenyewe nikaunyamazia, nami nikakusihi utie saini. Ungeitia, ningekufa nikijua. Nashukuru una kichwa kigumu. Sijui umekitoa wapi.

Mwambie Kimya nimekubali. Na njoo na hiyo miwani yako. Nataka kuona hao watoto walikuwa wanazunguka nini. Nitaivaa mlango ukiwa umefungwa, na nikikuta ngazi humo ndani nitaipima.

Kibao wamenirudishia pamoja na barua, maana sasa hakina siri. Nimekiweka dirishani, upande wa kushoto ukitazama barabara. Watu wanaopita wanauliza ni cha nini. Nawaandikia kwenye ubao wangu mdogo: simama hapo ulipo, uniambie unaona nini. Yule mjumbe wao naye alipita jana, nikamsimamisha, nikamwonyesha ubao. Alisimama sana.

Mpaka leo hakuna aliyeniambia nukta.

Baba yako,
Fundi Ngazi